Koo Halitii Amri

Kabla noti haijatoka, wapo wapigaji ambao kooni mwao hutangulia mguno. Ni mfupi mno, na ukikaa viti vya nyuma vya kanisa huusikii. Simama ubavuni mwa kijana aliyeshika tarumbeta ndipo utausikia, na ukimtazama utaona mshipa wa shingo umetutumka, kidevu kimeinuka, mabega yamepanda karibu yaguse masikio. Kisha noti inatoka kwa kupasuka, imepotea kidogo mahali pake, na kabla ya kumaliza mstari wa pili wa wimbo kijana anahema kwa kuishiwa pumzi ilhali mapafu yake bado yamejaa. Hapo mwalimu wa bendi hupaza sauti: “Legeza koo!” Kijana anaitika kwa kichwa, anajikaza kulegeza, na mguno wa pili unakuwa mkubwa kuliko wa kwanza.

Amri hiyo utaikuta kwenye bendi ya usharika, ya shule, ya polisi, popote penye watu wanaopuliza shaba. Wanaoitoa hawasemi uongo. Koo lililobana huharibu sauti, huchosha midomo, huleta kizunguzungu. Ugomvi wangu nayo ni kwamba haitekelezeki. Mwambie mtu ainue mkono, atauinua. Mwambie alegeze koo, hana pa kushika. Misuli ya humo ndani haionekani wala haiguswi, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika bila mwenyewe kuulizwa.

Linalobana hasa ni zoloto, pale juu ya njia ya hewa ambapo kwa wanaume kikoromeo hutokeza. Ndani yake zimo nyuzi mbili za sauti na mpenyo kati yake. Kuimba na kusema ni kazi zilizokuja kuongezwa. Kazi ya kwanza ya zoloto ni ulinzi. Tonge likipita, mpenyo hufungwa ili chakula kisiteleze kwenda mapafuni. Ukipaliwa na maji, hufungwa kwa kishindo na kikohozi kinafuata. Halafu ipo kazi ya kufungia hewa kifuani pale mwili unapotaka nguvu. Mtazame hamali wa bandarini anapotwishwa gunia la mchele: huvuta pumzi, hufunga koo, hukaza tumbo, na gunia likitua begani mguno humtoka. Hewa iliyofungiwa imekifanya kiwiliwili chake kigumu, na mgongo umepata egemeo. Mama anayesukuma mtoto leba hufanya vivyo hivyo. Madaktari wamelipa tendo hilo jina la Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia wa Bologna aliyeishi kati ya 1666 na 1723, ambaye katika kitabu chake cha 1704 kuhusu sikio alieleza namna ya kupuliza huku mdomo na pua vimezibwa. Jina limepanuka tangu hapo, likajumuisha kila kukaza kifua dhidi ya njia iliyofungwa.

Sasa mrudie kijana wetu. Ameiona noti ya juu kwenye karatasi, na mwili wake umeiona kama gunia. Kitu kizito kinakuja, basi funga mlango, kaza tumbo, ngoja. Mguno ule ni mlango unaofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani. Mwili umemtolea kanuni ya kale ambayo bandarini ingemsaidia sana.

Na uzito haumo mawazoni mwake tu. Shinikizo ndani ya kinywa cha mpiga tarumbeta anayepiga noti ya juu kwa nguvu laweza kupita lile la damu ambalo nesi hulipima mkononi. Ndiyo sababu wapigaji huona nyotanyota, na wengine huyumba. Besi, yaani tuba, ina tabia tofauti kabisa: inataka hewa nyingi mno kwa shinikizo dogo. Tarumbeta inataka hewa kidogo kwa shinikizo kubwa. Kwa hiyo mpiga besi hulalamika kwamba hewa imemwisha, na mpiga tarumbeta hulemewa na hewa iliyochakaa ambayo hajapata nafasi ya kuitoa. Mwalimu anayewapa wote wawili ushauri mmoja, kwa sauti moja, kutoka mbele ya ukumbi, amewafaa nusu tu.

Koo likibana katikati ya njia ya hewa, hesabu inaharibika. Kifua kinasukuma kwa nguvu zilezile au zaidi, lakini sehemu ya nguvu inapotelea kooni, na hewa inayofika midomoni ni hafifu. Midomo haitetemeki vizuri kwa hewa hafifu. Mpigaji anaona noti inakufa, anaikandamiza mausipisi, kile kipande cha kupulizia, kwenye midomo ili aiokoe, na midomo iliyokandamizwa inahitaji hewa yenye nguvu zaidi. Kifua kinaongeza, koo linaona uzito umeongezeka, linajifunga zaidi. Nimeona vijana wenye vipaji wakizunguka humo mwaka mzima, kisha wakaacha kupiga na kuhamia kwaya.

Pamoja na hayo yote, msemo wa “koo wazi” unanitia shaka kidogo. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji mzaliwa wa Hispania, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kujitazama kooni, akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga. Mwaka uliofuata maelezo yake yalifikishwa mbele ya Royal Society ya London. Kioo kile kisingemsaidia mpiga tarumbeta, maana mdomo wake umezibwa na ala. Ilibidi kungoja kamera nyembamba inayopitishwa puani. Wapigaji waliotazamwa kwa kamera hizo hawakukutwa na koo lililoachama. Mpenyo ulipanuka walipovuta pumzi na kupungua walipopuliza, na kwa wengi ulizidi kupungua pale sauti ilipotakiwa kuwa ndogo. Nyuzi za sauti zilikuwa kazini, kimya, bila kutetemeka.

Baadaye, kule Göttingen nchini Ujerumani, Peter Iltis, profesa wa Kimarekani ambaye ni mpiga honi ya okestra, alishirikiana na kundi la Jens Frahm wa Taasisi ya Max Planck kuwalaza wapiga honi ndani ya mashine ya MRI, wakipiga honi isiyo na chuma ndani yake. Sarah Willis wa Berlin Philharmonic alikuwa mmoja wao. Katika filamu yake ulimi ndio unaoshangaza: unapanda kuelekea kaakaa kwa noti za juu, unashuka na kurudi nyuma kwa noti za chini, bila papara, kila safari ukifika mahali palepale. Ushauri wa kupiga kila noti ukiwa katika hali ya mwayo haupatani na picha hizo. Koo la fundi lina kazi nyingi. Limeacha tu kufanya kazi lisiyotumwa.

Kuna upande wa kutisha kidogo, nao niutaje upesi. Shinikizo likizidi na kurudiwa kwa miaka, ukuta wa koo waweza kutoa kifuko cha hewa. Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliandika mwaka 1829 kuhusu uvimbe wa hewa shingoni mwa waadhini wa Misri. Leo madaktari hukuta kifuko hicho, kwa nadra, kwa wapiga ala za kupuliza na kwa wapuliza vioo. Anayeona shingo yake inatokeza pembeni kila apulizapo aende hospitali, asingoje mwalimu wa bendi.

Aliyelitafakari jambo hili kwa kina kuliko wote ninaowajua ni Arnold Jacobs, mpiga tuba wa Chicago Symphony Orchestra kuanzia 1944 hadi 1988. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1915 na kufariki 1998, na ukubwani aliishi na pumu. Mapafu yake hayakuwa ya kujivunia, naye alikalia kiti kinachokula hewa nyingi kuliko vyote vya okestra. Labda kwa sababu hiyo alisoma anatomia ya upumuaji kwa bidii ambayo wanamuziki wachache wamewahi kuwa nayo. Chumba chake cha kufundishia kilijaa mifuko ya kupumulia, mirija na vifaa vya hospitali vyenye vidude vinavyoruka juu ukivuta pumzi. Wapigaji walisafiri kutoka mbali kumfuata, wengi wao wakiwa na makoo yaliyojifunga.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyo aliyejua kila msuli hakutaka mwanafunzi afikirie msuli wowote akiwa anapiga. Alishikilia kwamba ubongo upewe agizo la kitu kinachotakiwa kutokea, yaani sauti ikiwa tayari imesikika kichwani, na misuli itajipanga yenyewe kuitafuta. Wimbo kwanza, hewa inayokwenda iufuate. Hewa inayokwenda ni jambo ambalo mtu anaweza kuliagiza. Koo lililolegea hawezi. Vifaa vile vyote vilikuwa vya kutumiwa mbali na ala. Mwanafunzi aliona kidude kikiruka, akajifunza kwa macho jinsi pumzi isiyozuiwa inavyokwenda, kisha akarudi kwenye tuba yake na kuambiwa asahau.

Baadhi ya wafuasi wake wamelifanya fundisho hilo dini, wakidhani kwamba kila tatizo litatibiwa kwa kumwambia mtu “imba tu.” Sikubaliani nao. Mazoea mabaya ya miaka mitano hayaondoki kwa wimbo mmoja, na Jacobs mwenyewe asingejaza chumba vifaa kama wimbo ungetosha.

Nusu karne kabla ya enzi za Jacobs, mchungaji mmoja wa Bethel, karibu na Bielefeld, alikuwa amepita jirani na wazo hilo la wimbo akifuata njia nyingine. Johannes Kuhlo (1856–1941) alizijenga bendi za matarumbeta za makanisa ya Kijerumani, na matamanio yake yalikuwa shaba iimbe kama kwaya. Alipenda honi zenye sauti laini kuliko tarumbeta kali za jeshi, na alitaka wapigaji wasome noti kama wanavyosoma waimbaji, wote kitabu kimoja. Uzeeni alikishabikia chama cha Hitler, na hilo haliwezi kufichwa nyuma ya muziki wake. Lakini kuhusu shaba alikuwa sahihi: aliyefundishwa kuimba mstari wake hauonei hofu anapoupiga.

Bendi za matarumbeta za makanisa yetu ya Tanzania zina mizizi katika utamaduni huo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo wamisionari wa jumuiya iliyokuja baadaye kuhamia Bethel walifika Mlalo, Usambara. Walutheri wa Leipzig wakafika Kilimanjaro 1893. Si kwamba nchi hizi zilikuwa zikisubiri wageni ili zijue kutetemesha midomo kwenye shaba. Siwa ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe ya ndovu, zote mbili ala za kupulizwa ubavuni, na ni za kale kuliko usharika wowote wa huku bara. Wala baadaye matarumbeta hayakubaki kanisani: watu wa pwani waliyachukua wakaingiza katika beni, makundi ya Marini na Arinoti yakishindana, hadi ngoma ile ikafika bara pamoja na askari wa Vita vya Kwanza. Lakini desturi ya kupuliza wimbo wa ibada alfajiri ya Pasaka makaburini, sauti nne, kabla jua halijachomoza, hiyo ilikuja na wamisionari, na imekuwa yetu.

Ninalotaka kulisema kuhusu desturi hiyo ni hili. Kijana wa bendi ya usharika ana utajiri ambao wanafunzi wengi wa Ulaya hawana: nyimbo zote atakazopiga amekwisha kuziimba tangu akiwa mgongoni mwa mama. Kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana kizima kimo kichwani mwake, sauti ya kwanza na mara nyingi ya tena au besi pia. Hata hivyo tukimpa tarumbeta tunaanza na vidole, vali ya kwanza, vali ya pili, halafu noti moja moja, na wimbo anaoujua unageuka kuwa mfululizo wa hatari ndogondogo. Siku ya tatu tunamkuta koo limefunga, tunashangaa.

Kisha tunamfokea. Sijui ni lini ilikubalika kwamba mkufunzi wa matarumbeta lazima awe na sauti ya sajini. Pengine ni urithi wa jeshi, maana wengi wa wakufunzi wetu wa kwanza walitoka bendi za askari. Hofu hufunga koo; kila aliyewahi kuitwa mbele ya watu kujieleza analijua hilo. Ukimkemea mtu hadharani ili alegeze koo, umekwisha kulifunga kabla sentensi haijaisha. Mwalimu mpole asiyejua chochote kuhusu zoloto atapata sauti nzuri kuliko mkali aliyesoma anatomia.

Msibani ndipo jambo hili linapoonekana wazi. Bendi inasimama kando ya kaburi, na aliyemo jenezani ni mtu wao, labda mpigaji mwenzao. Midomo iko sawa, vidole viko sawa, na donge limekaa kooni. Hakuna zoezi la kuliondoa. Wazoefu nimewaona wakifanya jambo moja: ubeti wa kwanza hawapigi. Wanashusha ala, wanaimba pamoja na wafiwa, hata kama sauti inakatika na machozi yanatoka, na kwenye ubeti wa pili ndipo wanapoinua matarumbeta. Mara nyingi hewa inapita. Anayeanza na ala moja kwa moja hutoa mguno na nusu ya noti, kisha hunyamaza.

Mazoezi ya nje ya wimbo yapo, na sina haja ya kuyadharau. Mawili nayaamini. La kwanza ni kupumua “haa” ya joto kwenye kioo cha dirisha, kama afanyavyo mwenye miwani anapoisafisha. Kioo kinapata ukungu, na koo haliwezi kubana ukungu ukawa mpana. La pili ni kipande cha bomba la plastiki la maji, kifupi tu, chenye upana wa kuingia vizuri kati ya meno. Kijana anakishika kwa midomo na kuvuta pumzi kupitia humo. Ulimi hushuka wenyewe, na sauti ya hewa hubadilika: badala ya mkwaruzo kooni inasikika “hoo” nene na ya chini. Mwache apumue hivyo mara kadhaa, mwondolee bomba, mwambie avute pumzi yenye sauti ileile, aimbe noti, apige noti. Usimweleze kwa nini. Bomba lenyewe linapatikana kwa fundi yeyote wa maji kama kipande kilichobaki, bure. Kitu muhimu ni kwamba macho na masikio yamepewa cha kufuata, na koo limeachwa lijishughulikie.

Ukitaka kuona makoo yasiyo na mwalimu, nenda Dar es Salaam siku ya Jumamosi jioni, usimame barabarani msafara wa harusi unapopita. Vijana wa matarumbeta wamekaa kwenye pikapu mbele ya gari la bibi harusi, mwenye besi ameipakata, na wanapiga bila kupumzika kutoka kanisani hadi ukumbini, foleni ikiwemo. Sauti si safi sana. Tyuni zinayumba, na fundi wa Chicago angekuwa na mengi ya kusema. Lakini sikiliza namna noti zinavyoanza: hakuna mguno. Hawasomi karatasi, wimbo wanaujua kuliko wanavyoijua barabara, na macho yao yako kwa wanaocheza na kuwatuza. Sidai kwamba waende wakafundishe chuo. Nasema tu kwamba walichokosa katika mafunzo, kimewaachia kitu ambacho wanafunzi wangu wenye noti mbele yao wamekipoteza.

Yupo pia Mjerumani Albert Mangelsdorff (1928–2005), mpiga tromboni wa jazi, aliyenivuruga mawazo niliposikia rekodi yake mara ya kwanza. Alikuwa akipuliza noti moja na kuimba nyingine ndani ya ala kwa wakati uleule, na kutoka katika mgongano wa hizo mbili zikatokea nyingine, hadi tromboni moja ikatoa sauti za kwaya. Nyuzi za sauti, ambazo tumeambiwa zikae pembeni, alizipa kazi kabisa. Koo lake halikuwa wazi kwa maana ya msemo wetu, na sauti haikuwa na mkazo hata kidogo.

Kwenye bendi yetu yupo mzee anayepiga sauti ya tena. Zamani alikuwa mwimbaji wa kwaya, mpaka alipofanyiwa upasuaji wa tezi la shingo, ugonjwa uliokuwa wa kawaida kwetu milimani. Neva inayoendesha uzi wa sauti hupita karibu sana na tezi hilo, na ya kwake ilidhurika. Tangu hapo anaongea kwa sauti ya mkwaruzo, inayochoka upesi, na kwenye ibada husogeza midomo tu. Akiinua honi yake, hakuna anayeimba kumzidi pale mbele. Sentensi za wimbo zinaanza na kuisha mahali pake, pumzi zinaangukia kwenye alama za maneno, na vijana wa safu yake wanamfuata bila kuambiwa. Wengine husema ni maajabu. Midomo ndiyo inayotetemeka katika ala hii, na wimbo aliokuwa akiuimba kwenye kwaya hakuna kisu kilichoufikia.

Mwaka jana tulipata semina, na mkufunzi mgeni alikuja na ile amri yetu. Alipita kwa kila mmoja akigusa mabega, “Legeza koo, legeza koo,” hadi akamfikia mzee, akamwamkia kwa adabu, “Shikamoo mzee, nawe tulegezee koo kidogo.”

“Marahaba,” akajibu kwa mkwaruzo wake. “Langu walishalipasua, mwalimu, sina cha kulegeza.” Vijana wakacheka hadi mwenye besi akaiweka chini. Yeye alikuwa amekwisha kufungua kitabu, akauliza tunaanzia ubeti wa ngapi.